Chai ya Mti wa Miba

Northfield, Birmingham
23 Februari 2025

Kwa Mwadini,

Salamu naziweka mwanzoni kwa ajili ya mama yako, asije akasema nimesahau adabu. Mpe zake zote, zitakazobaki chukua wewe.

Barua hii anakuletea Faisal, mtoto wa shoga yangu wa Newtown, anakuja Pemba kuoa. Simu sipigi. Wiki mbili zilizopita ulinipigia ukaniuliza, "Asmahan, umewahi kunitilia kitu kwenye chai?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa navuta pumzi niendelee, ukanitamkia talaka moja na simu ukaikata. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na sikupata hata kumaliza sentensi. Tangu siku ile simu naiogopa. Karatasi angalau haikatiki mtu akiwa bado anasema.

Basi sikiliza mpaka mwisho.

Nilichokutilia ni vitunda vya ua wetu. Ua huo huo ulioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, hawthorn wa Waingereza, ambao humu ndani tumezoea kuuita mti wa miba. Mwaka juzi daktari alipokwambia moyo wako unafanya kazi kwa taabu na presha iko juu, ulirudi ukaweka vidonge juu ya friji, ukasema tusiyazungumze. Mimi nimelelewa na bibi ambaye mgonjwa hakulala kwake bila kikombe cha majani. Nilishindwa kukaa kimya. Nikamweleza Balwinder, jirani yetu wa nyumba ya pili. Unamjua, Mhindi wa Kisumu, bustani yake ndiyo shule ya mtaa mzima. Akaniambia, "Dada, si uko na dawa ya moyo hapo nyuma? Wazungu wa zamani walikuwa nakunywa hiyo." Akanifundisha: maua na majani machanga yanaanikwa mwezi wa Mei, vitunda vinachumwa Septemba vikishakuwa vyekundu, mbegu zinatolewa, vinakaushwa, vinachemshwa.

Nilikwambia mara moja unywe. Unakumbuka ulivyonijibu? "Mimi si mbuzi wa kulishwa majani." Basi nikawa navitia katika chai yako ya asubuhi, na tangawizi na hiliki juu yake usije ukavionja. Mwaka mzima. Hiyo ndiyo siri yangu yote.

Najua dada yako Maisara amekwambia ni limbwata. Kwetu mke akimtilia mume kitu chaini bila ya kumwambia, jambo hilo halina jina jingine. Lakini Mwadini, limbwata la nini? Mume wa kukaa nyumbani nilikuwa naye tayari, tena Jumapili alizidi kukaa.

Nimetia vitunda ishirini ndani ya bahasha, vizima na mbegu zake. Mpe umtakaye avitazame.

Mimi niko nyumbani kwako, nakaa eda yangu kama inavyotakiwa. Sikuombi kitu. Nimetaka ujue tu.

Asmahan, mama Shemsa


Wete, Pemba
17 Machi 2025

Kwa Bi Asmahan,

Barua imefika, na Ramadhani imetukuta wazima. Mama amepokea salamu zake.

Vitunda sikuviona vyote. Maisara alifungua bahasha kabla yangu, akavitia chetezoni pamoja na ubani, nyumba nzima ikajaa moshi. Vitano vilianguka mvunguni, hivyo ninavyo. Kimoja nilimpelekea mzee anayeuza dawa za Kiarabu sokoni. Akakitafuna, akakitema, akasema hakijui, ila hajapata kusikia uchawi wenye ladha ya tofaa.

Basi nimeamini kuwa si limbwata. Lakini na wewe nisikilize mpaka mwisho.

Mwaka mzima uliopita nilikuwa nikiinuka kitini dunia inazunguka. Nilianguka chooni ukaniokota, ukasema nimeteleza. Nilianguka msikitini mbele ya watu, wakanipepea kwa kofia zao. Vidonge nilimeza kila siku bila ya kukosa, na kila siku nilizidi kulegea. Nikajua nakufa. Sikukwambia. Nilikata tiketi nikasema nakwenda kumwangalia mama, lakini ukweli nilikuja ili nizikwe kwetu. Wasia nimeuandika, uko ndani ya begi la buluu juu ya kabati. Sasa unaweza kuusoma.

Nilifika hapa Januari. Wiki tatu baadaye kizunguzungu kilikuwa kimekwisha, na vidonge ni vile vile. Maisara akasema, "Unaona? Anayekulisha yuko mbali." Siku ya pili yake Shemsa wetu, ambaye hajui kuficha kitu, akanitumia ujumbe kuniuliza kama huku napata ile "heart tea" ya mama yake. Ndipo nilipokupigia.

Asmahan, dawa haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mwaka mzima nilikuwa nikikuaga moyoni kila asubuhi, na sababu ulikuwa nayo wewe, unaikoroga kwa kijiko.

Ua usiukate sasa. Kuanzia Machi ndege wanajenga ndani yake, na sheria ya huko hairuhusu kuwavunjia viota. Ukirefuka uache urefuke. Kazi ya kuupunguza ni ya majira ya baridi, majani yakishapukutika.

Mwadini


Northfield
8 Aprili 2025

Mwadini,

Idi imepita. Nilipika vitumbua, nikampelekea Balwinder sahani, nyingine nikala mwenyewe nikiwa nimesimama jikoni.

Wasia nimeusoma. Nilidhani nitakuta nyumba na vitu. Nimekuta umemwandikia Shemsa anipeleke kupimwa macho, kwa sababu mimi mwenyewe siendi. Nililia mpaka Balwinder akasikia ukutani akaja kubisha hodi.

Baada ya barua yako nilichukua kopo langu la vitunda nikaenda nalo kwa mfamasia wa barabara kuu, nikamwekea mezani pamoja na jina la vidonge vyako. Kijana mpole. Akaniambia vitunda hivi na dawa zako vinavuta upande mmoja. Kila kimoja kinateremsha presha, vikikutana vinaiteremsha kupita kiasi, na mtu anaanguka. Akauliza, "Did his doctor know?" Nikamwambia, daktari? Hata mwenyewe mnywaji hakujua.

Kwa hivyo ni mimi, Mwadini. Nilikuwa nakuangusha kwa mkono wangu nikidhani nakushikilia. Siku ile ya chooni nilikuinua, nikakufuta maji, na kesho yake nikazidisha kijiko. Nisamehe. Sina neno jingine la kuweka hapo, na hilo lenyewe naliona dogo.

Kopo nimelimwaga.

Mti wa miba umeanza kutoa majani. Balwinder anasema watoto wa Kiingereza wa zamani walikuwa wakiyatafuna njiani wakienda shule, wakiyaita mkate na jibini. Nimetafuna moja. Halina mkate wala jibini, lina ladha ya jani. Nilisimama pale pale uliposimama wewe Desemba ile ulipoupanda, Shemsa akiwa na miaka saba. Ulikuja na miche sitini mitupu, haina hata udongo mizizini, myembamba kama vijiti vya mishikaki, ukaipanda mistari miwili ya kupishana. Ulipomaliza ukachukua mkasi ukaikata yote, ukabakisha urefu wa kiganja. Mimi nikapiga kelele dirishani kwamba umeiua. Ukanijibu kwamba usipoukata mdogo utakua mrefu na chini utabaki wazi, paka na wezi wapite. Leo hata shomoro anaomba njia.

Shemsa alikuja juzi kutoka kazini kwake. Akaniambia, "Mum, just call him." Nikamwambia simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Basi nikamuuliza kama yeye anaweza kukuuliza jambo moja kwa niaba yangu. Akasema, "I'm not your WhatsApp," akafunga mlango wa gari. Yuko sawa. Hili ni letu.

Nimekutamani. Sikuandika hivyo ili unijibu.

Asmahan


Wete
27 Aprili 2025

Asmahan,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya Maisara.

Nilimsomea mama ile habari ya mfamasia. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema yeye alimtilia baba habasoda kwenye mchuzi miaka thelathini kwa ajili ya kifua chake, na baba mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema mchuzi wa mkewe hauna mfano. "Tofauti," akasema, "ni kwamba mume wangu hakuwa na vidonge." Maisara akanyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mimi sina haki ya kumcheka. Unakumbuka nilivyokuhadithia habari za bosi wangu wa zamani, tulipokuwa tukikata nyua za mashamba ya nje ya mji? Mwingereza mtu mzima, haamini Mungu wala Mtume. Siku moja tukakuta mti mmoja wa miba umesimama peke yake katikati ya uwanja, tumeambiwa tuung'oe. Akaweka msumeno chini. Anasema mti kama huo una wenyewe, anayeugusa hamalizi mwaka. Nilimcheka wiki nzima, nikasema Wazungu nao wana mizimu. Na mimi, mtu wa swala tano, nimemuacha mke wangu kwa neno la dada.

Vitunda vinne vilivyobaki nimevifukia katika kopo la maziwa hapa uani. Namwagia maji kila alfajiri. Havijatoka.

Sasa nina swali. Kukurejea ni haki yangu muda wote eda yako haijaisha. Neno moja mbele ya mashahidi linatosha, na sheria hainilazimishi kukuuliza. Lakini lile neno la kwanza nilikutupia bila ya kukusikiliza, na hili la pili sitaki kulitupa vile vile. Nataka uniambie wewe: nikurejee, au nikuache upumzike na taabu yangu?

Kwa hesabu yangu miezi mitatu inatimia tarehe tisa Mei. Idarous wa Balsall Heath anaondoka hapa Jumatano na barua hii, atakuwa huko kabla ya Ijumaa. Ukikubali, mwambie yeye anipigie simu aseme "ndiyo" tu. Simu ya mtu mwingine haina ubaya wetu. Kama hakunipigia, nitakuwa nimejua.

Na mimi nimekutamani. Nakuandikia ili unijibu.

Mwadini


Northfield
12 Mei 2025

Kwa Mwadini,

Natumai nyote wazima. Tarehe tisa imepita na huku hakuna jipya, ila mti wa miba umechanua. Mwaka huu umejaa mpaka majani hayaonekani, ua mzima mweupe kutoka pembe ya Balwinder mpaka kwenye banda la baiskeli.

Nimefanya ujinga nikaona nikuhadithie. Alhamisi nilikata matawi kikapu tele, nikayachambua miba, maua nikayamwaga kitandani na kwenye mito, kama tunavyofanya kwetu kwa asumini. Nilitaka tu chumba kinukie. Asubuhi Balwinder akaja kuazima mkasi, akasikia harufu tangu mlangoni. Uso ukambadilika. "Dada, hiyo maua toa nje sasa hivi. Hiyo hawezi ingia kwa nyumba. Ni maua ya kifo." Anasema alipofika nchi hii, mama mmoja wa Kizungu kiwandani kwao alimfokea kwa kijitawi kimoja alichochomeka kwenye nywele. Wanaamini ukileta maua haya ndani, mtu wa nyumba anakufa kabla ya mwaka. Nje ni furaha, wanayavaa vichwani na kuyachezea ngoma ya Mei, ndani ni maiti.

Nikamwambia sisi Waislamu hatuamini hayo. Lakini nikaingia chumbani, na kweli, maua yalipoanza kunyauka yalikuwa yananuka kama samaki wa ng'onda. Nikakung'uta shuka dirishani, nikafua kila kitu.

Basi ndiyo hivyo. Mambo mengine hayana haja ya kusemwa, kimya nacho ni jibu.

Wasalimie.

Asmahan


Wete
10 Juni 2025

Bi Asmahan,

Barua yako imefika siku ya pili ya Idi.

Nilingoja simu ya Idarous mpaka tarehe tisa, kisha nikajidanganya nikangoja mpaka ishirini. Halafu ikaja barua, nikaifungua, nikakuta maua ya maiti na shuka umezifua. Chini yake umeandika kwamba kimya nacho ni jibu. Nimekuelewa. Ulikuwa na haki ya kukataa na umekataa kwa upole kuliko nilivyokuacha mimi.

Miezi mitatu imetimia na mwezi juu yake. Nyumba ni yako, karatasi zake nitamtumia Shemsa. Mimi nitabaki hapa na mama. Nimeanza kumwezekea paa la jiko.

Ua ukifika Desemba tafuta mtu anayejua. Usimruhusu mwenye mashine akaunyoa juu tu kama kichwa cha askari. Miti iliyozeeka inakatwa karibu na ardhi, siyo yote, inaachwa inashikwa na ganda upande mmoja, kisha inalazwa. Inaishi kwa lile ganda, na kila palipolala inatoa machipukizi mapya. Mtu asiyejua atakwambia umeiua.

Nimelia, Asmahan. Nimeona bora nikwambie, kwa vile kuficha ndiko kulikotuharibia.

Mwadini


Northfield
6 Julai 2025

Mwadini wangu,

Ijumaa nilikwenda Balsall Heath kununua mihogo, nikamkuta Idarous dukani. Alipendeza, ana miwani mpya. Akanisalimu, kisha akasimama kama aliyeumwa na nyuki. Kumbe Aprili hakuja huku. Alishuka Dubai kwa shughuli zake, akakaa wiki tisa, na barua yako aliitia kwenye mfuko wa koti la baridi, na Dubai nani avae koti? Amekwenda nyumbani kwake mbio akaniletea. Niliisoma pale pale, nimeegemea magunia ya mchele, watu wananipita. Kesho yake ikafika na ile yako ya Juni.

Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo Aprili, na Mei, na siku ile ya maua. Ulidhani nilitaka chumba kinukie? Mwanamke aliyeachwa talaka moja anaruhusiwa kujipamba ndani ya eda, labda mumewe atamrejea. Mimi niko Birmingham na mume yuko Wete, na asumini hakuna. Nikapamba kitanda kwa nilichokuwa nacho. Ile "kimya nacho ni jibu" ilikuwa juu ya kimya chako wewe. Nilikuandikia kwamba nakutamani, hukunijibu, nikadhani umeniacha kweli.

Sasa kaa vizuri nikwambie jambo ambalo wewe kwa hesabu zako za kalenda huwezi kulijua. Mimi nina miaka arubaini na tisa. Siku zangu za mwezi haziji tena kwa mpangilio, zinakuja zitakapo. Nimemuuliza Mwalimu Ardo anayesomesha wanawake hapa msikitini, nikamweleza kila kitu bila ya haya. Akasema eda yangu haihesabiwi kwa miezi, inahesabiwa kwa twahara, siku za usafi baina ya damu na damu. Ikija damu ya tatu baada ya talaka, eda imekwisha. Tangu Februari zimekuja mbili tu. Mlango uko wazi, Mwadini. Mei ulikuwa wazi, na leo ninavyoandika uko wazi. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuona kama utakuja mwenyewe bila ya kuonyeshwa mlango. Huo ndio ujeuri wangu, nao unao wewe pia, tumefanana.

Kama bado unataka, liseme hilo neno mbele ya mashahidi kisha uniandikie. Simu usinipigie. Nataka nilione limeandikwa kwa mkono wako. Mama yake Faisal anasafiri mwisho wa mwezi kuwaona wakwe, namkabidhi yeye mkononi. Hana shughuli Dubai.

Zile mbegu za kwenye kopo ziache. Balwinder anasema mbegu hii inalala ardhini mpaka ipitiwe na baridi mbili ndipo iamke. Kwa Wete itakungoja mpaka kiyama.

Asmahan


Wete
3 Agosti 2025

Mke wangu Asmahan,

Mama Faisal alifika hapa Alhamisi mchana. Sikula. Mara tatu nilishika simu, mara tatu nikaiweka kwa sababu umenikataza.

Ijumaa baada ya swala nilimshika mkono imamu na Faisal, tukasimama pembeni, nikatamka: nimemrejea mke wangu Asmahan. Imamu akauliza kama nina uhakika eda haijaisha. Nikamjibu mwenye eda ameniandikia mwenyewe.

Maisara amenuna, lakini amepika pilau. Mama anasema ukimtilia habasoda mwanawe umpunguzie vidonge kwanza.

Nimekata tiketi, nafika Septemba tarehe kumi na tatu. Leo naandika "mke wangu" na mkono hautaki kuandika kitu kingine.

Mumeo, Mwadini


Northfield
24 Agosti 2025

Mwadini,

Kaa kitako kwanza.

Damu ya tatu ilikuja Jumanne, tarehe ishirini na tisa Julai. Wewe ulitamka Ijumaa, tarehe mosi. Siku tatu. Neno lako limekuta mlango umefungwa.

Shemsa kaniambia, na safari hii kwa Kiswahili, "Mama, ungepiga simu." Ni kweli. Ningepiga Julai, ungenirejea Julai. Nilitaka kulishika neno lako kwenye karatasi, na karatasi ilichukua wiki tatu na nusu kufika. Kosa hilo ni langu na nitalala nalo.

Barua yako ilinifika Jumatano. "Mke wangu." Nimekaa nayo siku nne nimeitia ndani ya kanga kiunoni, hata kazini. Nikawaza kwamba naweza kunyamaza. Katika jambo hili sheria inaichukua kauli ya mwanamke, hakuna shahidi wala daktari anayeitwa. Ungeshuka kwenye ndege, ungeingia ndani, ungevua viatu mlangoni, na asingejua yeyote ila mimi na Mola wangu. Nimeitamani nafasi hiyo, sikufichi. Jana nilikuwa nimeshaandika barua ya kukukaribisha.

Kisha nikaichana. Nilishakutilia jambo kimyakimya mara moja, nalo nililitia kwa mapenzi, na wewe ukaanguka mbele ya watu. Hili sitakutilia.

Kwa hivyo mimi si mke wako. Nimeandika sentensi hiyo na nimeinuka mezani mara mbili kabla ya kuendelea.

Tiketi usiivunje. Mwalimu Ardo anasema talaka ni moja tu, hakuna kinachozuia ndoa mpya: posa mpya, mahari mapya, walii na mashahidi. Kaka yangu Haroun wa London nimeshamwambia, ameuliza kama sote wawili tuna akili, kisha akasema atakuja. Ukifika utafikia kwa Idarous, naye hana uso wa kukataa. Nyumbani kwangu uje mchana, ubishe hodi, ukae sebuleni kama mgeni, na Shemsa akiwa hapo hapo.

Aprili uliniuliza kama nakutaka, ukasema sheria haikulazimishi kuuliza. Sasa inakulazimisha. Kurejea kulikuwa kwako peke yako, ndoa mpya haipiti bila ya mimi kukubali.

Mara ya kwanza walipokuja kuniuliza nilijifunika kanga usoni nikanyamaza, wakasema kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake, wakarudi kukwambia nimekubali. Safari hii nitajibu kwa sauti. Njoo uniulize.

Asmahan